Ngaitana: Kufuata Wenzi na Nafsi ya Msemaji katika Historia ya Meru na Embu

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi yetu, mhusika anayefuata mtindo huhukumiwa kabla ya kusikilizwa. Kijana wa mjini aliyevaa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni katika riwaya za miaka ya 1970 alikwisha kuhesabiwa mpotevu kabla hajatamka neno. Msichana aliyenyoosha nywele naye alisomwa kama kielelezo cha kasumba. Methali zipo tayari kumshtaki mhusika wa namna hii: bendera hufuata upepo; nguo ya kuazima haisitiri matako; mwacha mila ni mtumwa. Msingi wa hukumu zote hizi ni mmoja, nao ni dhana kwamba anayefuata wenzake amekwisha kuitupa nafsi yake, na kwamba anayeshikilia mila ameihifadhi.

Makala haya yanakusudia kuipima dhana hiyo kwa kutumia tukio moja la kihistoria ambalo linaipindua pande zote mbili. Tukio lenyewe lilitokea Meru, mashariki ya Mlima Kenya, kati ya mwaka 1956 na mwishoni mwa muongo huo. Wasichana walifuatana kwa maelfu katika kitendo kilichokuwa kimepigwa marufuku na wazee wao na pia na serikali ya kikoloni. Kitendo hicho hakikuwa kigeni, kwa kuwa kilikuwa mila ya mama na nyanya zao. Hata hivyo kilienea kwa kasi na kwa njia za mtindo, yaani kutoka kwa msichana hadi kwa mwenzake, bila kupitia kwa mkubwa. Na jina lililobakia katika kumbukumbu ya watu ni kitenzi cha nafsi ya kwanza umoja: Ngaitana, yaani "nitajitahiri".

Swali letu ni la kihakiki kama lilivyo la kihistoria. Inakuwaje kundi zima la watu wanaofanya jambo moja, kwa wakati mmoja, kwa kuigana, lijiite kwa neno la "mimi"? Tutadai kwamba neno hilo si kinyume cha kufuata wenzi. Ni sura yake halisi. Mtu hufuata wenzake ili apate mahali pa kusimama na kusema "mimi". Kwa hiyo ufuasi unafichua jambo moja kubwa kuhusu utambulisho: ni nani mwenye mamlaka ya kuutoa, na nini hutokea mamlaka hayo yanapoyumba.

Neno moja kuhusu istilahi. Sheria za Kenya za leo hukiita kitendo kinachozungumziwa hapa ukeketaji, nasi tunakubaliana na sababu za jina hilo, kwani madhara yake kwa afya na uhai wa wanawake hayana shaka. Tunapotumia neno tohara katika makala haya, tunafanya hivyo ili kuufuata usemi wa wahusika wenyewe, ambao lugha zao zilikuwa na kitenzi kimoja kwa wavulana na wasichana.

2. Mtindo na mila: mpaka usiosimama

Mwanasosholojia wa Kijerumani Georg Simmel, katika insha yake kuhusu mtindo iliyochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, alieleza kwamba mtindo hukidhi haja mbili zinazopingana, yaani haja ya kufanana na wengine na haja ya kutofautiana na wengine. Anayevaa kama wenzake huwa amejiunga na kundi, na papo hapo amejitenga na walio nje ya kundi hilo. Maelezo haya yanafaa, lakini yalitokana na miji ya Ulaya ambako tabaka la chini liliiga la juu, na la juu likabadili vazi ili lisiigwe. Je, yanatusaidia kuisoma Afrika ya Mashariki?

Mfano wa pwani unaonyesha kwamba yanasaidia kwa sharti moja. Unguja ya mwishoni mwa karne ya 19, wanawake waliokuwa watumwa walivaa kaniki, kitambaa cheusi kisicho na pambo. Baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897, wengi wao waliiacha kaniki na kuvaa kanga, vazi la rangi na nakshi ambalo baadaye lilipata pia maandishi. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza jinsi mabadiliko hayo ya nguo yalivyokuwa mabadiliko ya hadhi. Aliyetoka nyumbani na kanga mpya hakuwa akifuata mkumbo tu. Alikuwa akidai uanachama katika jamii iliyokuwa imemnyima. Hapa kuiga ni kudai haki, na gharama ya kutoiga ni kubaki pale ulipowekwa na wengine.

Huko mlimani, nguo za dukani zilichelewa kufika, na alama za uanachama zilichorwa zaidi mwilini. Katika Meru ya kale, msichana alipita hatua kadhaa kabla ya kuitwa mwanamke. Alitogwa masikio, alichanjwa chale za tumboni, na hatimaye alitahiriwa. Kila hatua ilimhamisha kutoka kundi moja hadi jingine, na kila kundi lilikuwa na mapambo yake, nyimbo zake na heshima yake. Aliyekuwa hajavuka aliitwa mukenye, na neno hilo lilitosha kumnyamazisha mbele ya waliovuka. Hatua hizo zilisimamiwa na wanawake watu wazima, na katika sehemu za Meru walikuwa na baraza lao lililoitwa kiama gia ntonye. Embu nako, kama kwa majirani zao Wambeere na Wakikuyu, rika lilikuwa mhimili wa maisha. Mtu hakuwa mtu peke yake, bali alikuwa wa rika fulani, lenye jina na mwaka wake.

Ni rahisi kusema kwamba hii ilikuwa mila, si mtindo, na Simmel angekubali: mila hudumu, mtindo hupita. Lakini mpaka huo husimama wakati wa amani tu. Mila isiyotishwa hutembea polepole, kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, na hakuna anayeiona ikitembea. Ikishapigwa marufuku, njia yake ya kawaida hukatika, nayo hulazimika kupita njia ambayo mtindo hupita: kutoka kwa kijana hadi kwa kijana, kwa haraka, kwa siri, kwa hofu ya kuachwa nyuma, na mara nyingi kwa bidhaa iliyonunuliwa dukani. Hilo ndilo lililotokea Meru. Ili tulielewe, inatupasa kwanza tuangalie jinsi mamlaka juu ya miili ya wasichana yalivyokwisha kuchezewa kwa miaka thelathini.

3. Kigwarie: jambo lisilotarajiwa

Katikati ya miaka ya 1920, mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa na serikali ya kikoloni huko Embu na Meru yalipitisha maazimio ya kuidhibiti tohara ya wasichana. Msichana asitahiriwe pasipo ridhaa yake, ukataji upunguzwe, na watahiri wajulikane kwa utawala. Kwa mara ya kwanza, jambo lililokuwa la wanawake liliingizwa katika daftari la baraza la wanaume lenye mwenyekiti Mzungu.

Mwaka 1929 mvutano ulipanda. Misheni za Kiprotestanti ziliwataka waumini waahidi kuikataa tohara ya wasichana, na wimbo wa muthirigu, uliowakejeli wamisheni na machifu, ukaenea kutoka Ukikuyu hadi Embu kabla ya kupigwa marufuku mwanzoni mwa mwaka 1930. Katika Wilaya ya Embu ya wakati huo, parokia za Kianglikana zilizozunguka Kabare na Kigari zilipoteza waumini wengi. Chogoria, kusini mwa Meru, misheni ya Kiskoti ilikumbwa na dhoruba hiyo hiyo. Ikumbukwe kwamba katika lugha za mlimani Wakristo waliitwa athomi, yaani wasomaji. Usomaji ulikuwa na sare yake: shati, gauni, nywele fupi, na sikio lisilotanuliwa. Kwa hiyo msichana wa 1930 alikabiliwa na mitindo miwili ya mwili, na kila mmoja ulikuwa na kundi lake lililomdai. Hakukuwa na mahali pa katikati pa kusimama bila kuvaa cho chote.

Lakini kisa kinachosahaulika ni kile kilichofuata. Katika miaka ya 1930, maafisa wa Embu na Meru walianza kuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Wasichana wengi walikuwa wakipata mimba kabla ya kutahiriwa, na kwa kuwa mtoto wa msichana asiyetahiriwa alihesabiwa kuwa mkosi, mimba hizo zilitolewa. Maafisa, wakiungwa mkono na wazee, waliamua kwamba dawa ni kuwatahiri wasichana mapema, kabla ya kubalehe. Mmoja wa maafisa waliohusika na siasa za mila katika wilaya hizo mbili alikuwa H. E. Lambert. Wasomaji wa jarida kama hili wanamfahamu zaidi kwa utafiti wake wa lahaja za Kiswahili za pwani ya kusini ya Kenya. Akiwa Meru, Lambert ndiye aliyelipa baraza la Njuri Ncheke nafasi rasmi katika utawala. Mtu aliyesikiliza kwa makini irabu za Wavumba na Wachifundi ndiye pia aliyesaidia kuamua ni sauti ya nani itakayosikika Meru. Sauti iliyochaguliwa ilikuwa ya wazee wa kiume.

Mwanahistoria Lynn M. Thomas, ambaye utafiti wake juu ya Meru ulichapishwa katika miaka ya 1990 na kukusanywa katika kitabu cha mwaka 2003, ameeleza jinsi kampeni hizo zilivyofanywa. Polisi walifika kijijini pamoja na mtahiri, wasichana wakakusanywa na kutahiriwa kwa pamoja, bila matayarisho ya familia na bila sherehe iliyostahili. Watu wa Meru waliliita jambo hilo kigwarie, yaani lisilotarajiwa.

Tulisome jina hilo kama tunavyolisoma neno katika shairi. Kigwarie ni nomino. Haina mtendaji wala nafsi. Ni jina la kitu kinachomwangukia mtu kama mvua ya mawe. Wasichana wa kigwarie walifanana kuliko kundi lo lote lililowatangulia: siku moja, mahali pamoja, mkono mmoja. Lakini kufanana kwao hakukuwa kufuata, kwa sababu hakuna aliyechagua. Hapa kuna tofauti ambayo uhakiki wetu haina budi kuishika. Sare si mtindo. Sare huvalishwa, mtindo huvaliwa. Kwa nje vinaweza kulingana kabisa, na kwa ndani vikawa mbali kama mbingu na ardhi.

4. Ngaitana: kundi la "mimi"

Mwaka 1956, Njuri Ncheke walikutana Nchiru, makao yao makuu, wakapitisha kwa kauli moja marufuku ya tohara ya wasichana katika Meru nzima. Utawala wa wilaya uliunga mkono marufuku hiyo, na baraza la wilaya likaithibitisha. Hali ya nchi lazima ikumbukwe. Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado haijaondolewa. Wanaume wengi walikuwa msituni, kizuizini, au katika vikosi vya ulinzi, na familia zilikuwa zimehamishiwa katika vijiji vya lazima vyenye amri ya kutotembea usiku. Wazee wa Nchiru walitoa marufuku juu ya jambo ambalo kimila halikuwa lao, na waliitoa wakati ambapo wenyewe waliegemea bunduki za serikali.

Jibu la wasichana lilikuja upesi. Katika sehemu nyingi za wilaya walianza kutahiriana wenyewe, machakani, mashambani na majumbani, kwa nyembe walizonunua madukani badala ya kisu maalumu cha mtahiri. Walipokamatwa na kuulizwa ni nani aliyewatahiri, walijibu kwamba walijitahiri wenyewe. Jibu hilo lilikuwa ngao, kwani liliwakinga mama, nyanya na watahiri wasishtakiwe. Likageuka kuwa jina la kundi zima. Kwa mujibu wa Thomas, katika miaka mitatu iliyofuata marufuku, zaidi ya watu 2,400, wakiwa wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika za Meru kwa kuivunja. Wengine wengi waliadhibiwa na machifu na mabaraza ya mitaa bila kufika mahakamani. Adhabu zilikuwa faini, kazi za lazima na kuwekwa ndani.

Ni nini kilichowasukuma? Jibu la haraka ni kwamba walikuwa wakipinga ukoloni, na kuna ukweli ndani yake. Jibu la pili ni kwamba walikuwa wakifuata mkumbo tu kama vijana wengine, na hilo nalo lina ukweli. Hakuna msichana aliyetaka kubaki mukenye ilhali wenziwe wamevuka. Kubaki nyuma kulikuwa na maana ya kuchekwa kisimani, kuachwa nje ya mazungumzo, na kutilia shaka ndoa yako ya baadaye. Lakini majibu haya mawili yakisimama peke yake yanapotosha. La kwanza linawafanya mashujaa wa siasa ambayo hawakuitaja, na la pili linawafanya kondoo.

Tulirudie neno lenyewe. Katika Kimeru, nga- hubeba nafsi ya kwanza umoja pamoja na wakati ujao. Kiambishi -i- ni cha kujirejea, sawa na -ji- ya Kiswahili. Mzizi -tana ni wa kutahiri. Kila kipande cha neno hili kina jambo la kutuambia.

Nafsi ni umoja. Wasichana hawakusema "tutajitahiri", ingawa kwa vitendo walikuwa wengi na kila mmoja alimhitaji mwenzake. Mbele ya hakimu, wingi ungekuwa ushahidi wa njama, na umoja ulimaliza upelelezi pale pale. Hata hivyo, kinga dhidi ya sheria haitoshi kueleza kwa nini jina hilo lilidumu baada ya kesi kwisha. Lilidumu kwa sababu lilisema jambo ambalo wasichana wa kigwarie hawakuweza kulisema. Nomino isiyo na mtendaji iligeuka kuwa kitenzi chenye mtendaji, na mtendaji huyo ni msichana.

Kiambishi cha kujirejea ni uongo na ni ukweli kwa pamoja. Ni uongo kwa sababu katika hali nyingi mkono ulioshika wembe ulikuwa wa mwingine. Ni ukweli kwa sababu uamuzi haukutoka kwa baba, wala kwa mzee wa Njuri, wala kwa polisi. Hapa tunaiona siri ya kila mtindo. Anayefuata mtindo husema "nimependa mwenyewe", na msikilizaji hucheka akijua kwamba wengine mia wamependa kile kile wiki ile ile. Msikilizaji ana haki ya kucheka, lakini msemaji hasemi uongo mtupu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua awe mmoja wao.

Wakati ni ujao. Wasichana wanajulikana kwa jambo walilokwisha kulifanya, lakini jina lao bado linaahidi. Kwa nini? Yawezekana ni kwa sababu tendo halikuwa limekamilika. Tohara ya mama zao ilikuwa kilele cha safari ndefu: mafunzo, kutengwa, nyimbo, karamu, na kutambuliwa na wakubwa. Tohara ya Ngaitana ilibaki na kovu peke yake. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa vijiji vya Hali ya Hatari ulikuwa na muda wa wembe tu. Wasichana walipata alama ya uanamke bila kupokewa na mamlaka ambayo kwa kawaida huithibitisha alama hiyo. Wakawa kama mtu aliyeshona sare ya chuo ambacho kimefungwa.

Na gharama yake isipambwe kwa nadharia. Waliolipa ni wasichana walio katika umri wa kwenda shule, kwa damu na maumivu yao wenyewe, na kwa matatizo ya uzazi yanayojulikana kufuatana na kitendo hicho. Mhakiki anayesifu ujasiri wa neno Ngaitana bila kutaja kilichofanywa na wembe anaisoma sarufi na kumwacha mtu.

5. Kovu katika fasihi

Miaka michache tu baada ya marufuku ya Meru, fasihi ya Kenya iliokota swali hilo hilo. Tamthilia fupi ya Rebeka Njau, The Scar, ilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndani yake, Mariana anawaongoza wasichana wa kijiji waikatae tohara, na hatimaye anaangushwa na siri ya maisha yake mwenyewe. Mwaka 1965 Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha The River Between, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Njia Panda. Humo Muthoni, binti wa mhubiri, anaamua kutahiriwa bila idhini ya baba yake, naye anafariki.

Muthoni anasomwa mara nyingi kama daraja lililovunjika kati ya Ukristo na mila. Tukimsoma baada ya kuwasikiliza wasichana wa Meru, tunaona jambo jingine. Muthoni haachi dini ya babake. Anataka aongeze juu yake kile ambacho mama yake anacho tayari na yeye hana. Tamaa yake ni ya kufanana, yaani kuwa mwanamke kama wanawake wengine wa mlimani. Lakini ili afanane nao lazima atende jambo ambalo hakuna mtu nyumbani kwao angethubutu kulitenda, nalo ni kumwasi Joshua. Kwa hiyo tendo lake la kufuata wengi ndilo tendo lake la upweke kuliko yote. Ngũgĩ aliliona hilo kwa mtu mmoja, na Meru ililiona kwa maelfu.

Mariana ni upande wa pili wa sarafu. Anataka wasichana wasiifuate desturi, na ili wasiifuate anawaomba wamfuate yeye. Njau alielewa kwamba kukataa nako kunahitaji kundi. Msichana mmoja anayekataa ni mukenye, lakini wasichana ishirini wanaokataa pamoja wameanzisha rika jipya. Udhaifu wa Mariana haukuwa katika hoja zake. Ulikuwa katika ukweli kwamba kundi lake lilisimama juu ya mabega ya mtu mmoja, na mtu huyo alipoanguka lilikuwa halina pa kushika.

6. Ntanira na Mugambo: tohara ya maneno

Marufuku ya 1956 ilififia pamoja na utawala ulioiegemeza. Baada ya uhuru, desturi iliendelea kwa uwazi au kwa siri, na matamko ya kuikataza, likiwemo la Rais Daniel arap Moi mwaka 1982, hayakuikomesha. Badiliko la namna nyingine lilianzia Tharaka, katika eneo kame la mashariki ya Meru, mwaka 1996. Shirika la Maendeleo ya Wanawake, likishirikiana na shirika la afya la PATH, lilizisaidia familia zilizokuwa zimekubaliana kutowakeketa binti zao kuanzisha sherehe mbadala. Wasichana walitengwa kwa siku kadhaa, wakafundishwa na wanawake waliowateua, kisha wakatolewa hadharani kwa nyimbo, ngoma na zawadi. Sherehe hiyo ilipewa jina la Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno, au kwa sauti.

Msomaji wa sarufi atauona mzizi ule ule: -tan-. Waanzilishi hawakulitupa neno. Walilibakiza na kukibadilisha chombo, na mahali pa wembe wakaweka sauti. Kwa mtazamo wetu, huu ni uamuzi wa kifasihi kama ulivyo wa kiafya. Njuri Ncheke ya 1956 ilikataza alama bila kutoa alama nyingine, na ikawaacha wasichana bila jina la kuitwa. Ntanira na Mugambo ilirudisha kile ambacho Ngaitana walikikosa, yaani mafunzo, mkubwa wa kupokea, siku ya kuonekana, na zaidi ya yote wenzi wa kuvuka nao. Tathmini iliyofanywa mwaka 2001 ilionyesha kwamba sherehe hizo zilifaulu pale tu ambapo jamii ilikuwa imekwisha kuzungumza na kukubaliana kwanza. Zilipopelekwa kama sherehe tupu, hazikushika. Sare ilitaka tena kujifanya mtindo, na watu waliitambua.

Sheria nayo imeendelea. Sheria ya Watoto ya 2001 ilipiga marufuku ukeketaji wa walio chini ya miaka 18. Sheria ya 2011 ikaupiga marufuku kwa wanawake wa umri wo wote, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuibatilisha. Takwimu za kitaifa za afya zinaonyesha kwamba wanawake wa umri wa uzazi waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka 1998, na asilimia 15 mwaka 2022. Anguko hilo lina sababu nyingi, zikiwemo shule, makanisa, sheria na kliniki. Lakini kwa msichana mmoja mmoja, sababu iliyo karibu zaidi ni nyepesi kueleweka. Siku hizi, katika sehemu nyingi za Meru, Tharaka-Nithi na Embu, rafiki zake hawajakeketwa. Nguvu ile ile iliyowapeleka machakani wasichana wa 1956 ndiyo inayowabakisha darasani wajukuu wao.

7. Hitimisho

Tulianza na mhusika anayehukumiwa kwa kufuata mtindo. Historia ya Meru na Embu inatuonya tusiharakishe. Imetuonyesha maneno matatu. Kigwarie ni kufanana bila kuchagua. Ngaitana ni kuchagua kufanana, mbele ya mamlaka yaliyokataza, kwa gharama ya mwili. Ntanira na Mugambo ni kuchagua kwa pamoja namna mpya ya kufanana. Katika yote matatu wasichana walifuata au walifuatishwa, na katika yote matatu swali la msingi lilikuwa ni nani atakayemwambia msichana kwamba sasa yeye ni mtu kamili. Ufuasi huzidi pale jibu la swali hilo linapopotea. Mtu asiye na shaka na nafasi yake hana haja ya kukimbilia alama.

Kwa hiyo mhakiki anapokutana na mhusika aliyevaa walivyovaa wengine, asiulize kwanza kama mhusika huyo ana nafsi. Aulize ni mlango gani uliofungwa mpaka akalazimika kuvaa ili abishe hodi. Na anapokutana na anayejivunia kwamba hafuati mtu, aulize ni kundi gani lililomhakikishia kwamba hatabaki peke yake.

Nchiru, mahali walipokutana wazee mwaka 1956, leo pana chuo kikuu cha umma, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Wasichana wanaosoma hapo wanavaa, wanasuka na kuzungumza kama wenzao wa Nairobi na Mombasa, na wapo wazee wanaowaona kuwa wameikana nafsi yao kwa kuiga. Nyanya za baadhi yao huenda zilikuwa Ngaitana. Kati ya bibi na mjukuu, neno halijabadilika sana: kila mmoja kwa wakati wake amefanya walivyofanya wenziwe, na kila mmoja alipoulizwa nani alimtuma, amejibu kwa nafsi ya kwanza umoja.